Sauti Iliyopotelewa na Saa Yake

Faili la sauti ndani ya kompyuta ni msururu mrefu wa namba, basi. Kila namba inaeleza kiwambo cha maikrofoni kilisukumwa kiasi gani katika nukta fulani ya wakati, na hiyo ndiyo huitwa sampuli. Namba yenyewe haisemi nukta hiyo ilikuwa lini, wala ile inayoifuata imekuja baada ya muda gani. Habari hiyo huandikwa pembeni, mara moja tu, mwanzoni mwa faili: sampuli 44,100 kwa sekunde, au 48,000, au 16,000. Ni kama daftari la duka ambamo mtu ameandika "kumi" akaacha kusema kama ni pishi au vibaba. Kujumlisha kutakuwa sahihi na mzigo hautalingana. Hapo ndipo zinapoanzia kasoro nyingi za sauti ya kompyuta ambazo watu huzielewa vibaya: mwimbaji anayesikika kama kapandishiwa sauti, video ambayo midomo inaachana na maneno, mikwaruzo inayorudi kila baada ya sekunde chache, hedifoni zinazogeuka ghafla kuwa simu ya mezani. Mwenye kompyuta huilaumu kadi ya sauti au spika, kisha huenda dukani. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi kila kifaa kinafanya kazi yake barabara, ila hapajakubaliwa ni nani anayeshika saa. Makubaliano hayo yakikosekana, kifaa cha bei kubwa zaidi huikosea sauti kwa usafi mkubwa zaidi.

Tuanze na swali la kwa nini sampuli ziwe nyingi hivyo. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Harry Nyquist mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949 walijenga, kila mmoja kwa njia yake, nadharia inayosema kuwa sauti isiyo na mtetemo wowote unaozidi kikomo fulani inaweza kurudishwa kikamilifu ikiwa itachukuliwa sampuli zaidi ya maradufu ya kikomo hicho. Neno "kikamilifu" hapa halina chumvi. Wengi hudhani kwamba katikati ya sampuli moja na nyingine kuna kitu kimepotea, na kwamba sauti ya kidijitali ni ngazi iliyojaa mapengo. Kihisabati, hakuna pengo: mkunjo mmoja tu ndio unaoweza kupita kwenye nukta zote hizo bila kuvuka kikomo. Kuna sharti, hata hivyo. Kila kilicho juu ya nusu ya kasi ya sampuli lazima kichujwe kabla, la sivyo kitarudi kimejigeuza kuwa sauti ya chini ambayo haikuwapo studio. Nusu ya 44,100 ni 22,050, na ile nafasi ndogo kati ya 20,000 na 22,050 imeachwa ili kichujio kipate pa kufanyia kazi. Simu ya kawaida iliridhika na sampuli 8,000, na kupitisha sauti hadi mitetemo kama 3,400 tu. Maneno yanaeleweka, ingawa herufi s na f hugombana.

Lakini kwa nini 44,100, badala ya 40,000 au 50,000 ambazo mtu angezikumbuka kwa urahisi? Jibu limo katika kanda za video. Mwishoni mwa miaka ya 1970 diski za kompyuta zilikuwa ndogo mno na ghali mno kubeba muziki wa saa nzima, kwa hiyo Sony na wenzake walizigeukia mashine za kurekodi video, ambazo nafasi yake ilikuwa kubwa, wakaziandika namba za sauti kama vidoa vyeusi na vyeupe ndani ya picha. Kila mstari wa picha ulibeba sampuli tatu kwa kila upande wa stirio. Mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani ulikuwa na mistari 245 ya kutumika katika kila nusu-picha, na nusu-picha 60 kwa sekunde. 245 mara 60 mara 3 ni 44,100. Mfumo wa Ulaya ulitoa mistari 294 na nusu-picha 50, na ukizidisha na tatu unapata 44,100 ileile. Namba iliyokubalika pande zote mbili ikaingia kwenye CD, ambayo ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982. Ila televisheni ya rangi ya Marekani haikuwa na nusu-picha 60 kamili. Ilikuwa na 59.94, na vifaa vya nyumbani vilivyoufuata mfumo huo vilirekodi sampuli 44,056. Tofauti ni ya moja kwa elfu, sikio haliishtukii, lakini kwa saa nzima ni zaidi kidogo ya sekunde tatu na nusu. Kutolingana, kwa maneno mengine, kulizaliwa pamoja na kiwango chenyewe.

Watu wa filamu na utangazaji nao walikuwa na hesabu yao. Filamu hukimbia picha 24 kwa sekunde, na televisheni ya Ulaya 25. Ukigawa 48,000 kwa 24 unapata sampuli 2,000 kwa kila picha, na kwa 25 unapata 1,920, hesabu safi inayomwezesha mhariri kukata picha na sauti mahali pamoja. Ukigawa 44,100 kwa 24 unapata 1,837 na nusu, na nusu ya sampuli haipo. Jumuiya ya wahandisi wa sauti, AES, ikapendekeza 48,000 kwa kazi za kitaalamu mwaka 1984, na kanda ya DAT iliyotoka 1987 ikaifuata. Tangu hapo dunia ina koo mbili: muziki wa kuuzwa ulibaki 44,100, na karibu kila kitu kilichoambatana na picha kikaenda 48,000, zikiwemo kamera na video za simu za mkononi. Uwiano wa namba hizi ni 147 kwa 160. Si nusu, si theluthi mbili. Ili kuvuka kutoka 44,100 hadi 48,000 bila kudanganya, programu inabidi ifikirie sauti kana kwamba ina sampuli 7,056,000 kwa sekunde, ichuje, kisha ichague moja katika kila 147. Kompyuta za leo hufanya hivyo bila kuhema. Kompyuta za miaka ya 1990 zilihema, na baadhi zikaamua kudanganya.

Ni vizuri kutenganisha mambo ambayo kwa kawaida hurundikwa pamoja. La kwanza ni pale ambapo hakuna anayebadilisha chochote: namba zilirekodiwa kwa kasi moja na zinachezwa kwa nyingine. Wimbo uliorekodiwa kwa 44,100 ukichezwa kwa 48,000 unakwenda haraka kwa karibu asilimia 9 na kupanda takriban nusutoni moja na nusu. Kipimo hiki kinatesa kwa namna yake. Kingekuwa kikubwa zaidi, kila mtu angecheka na kosa lingeonekana papo hapo. Kwa nusutoni moja na nusu mwimbaji anasikika mchangamfu kidogo, mdogo kidogo wa umri, na asiyemjua hatashuku kitu. Atakayeshuku ni mpiga kinanda anayejaribu kuufuata wimbo na kukuta umeangukia katikati ya vitufe viwili. Hotuba ya saa moja itakwisha kwa dakika 55 na sekunde chache. Kinyume chake, iliyorekodiwa kwa 48,000 ikachezwa kwa 44,100 itachukua zaidi ya dakika 65, na msemaji atasikika kama ana usingizi. Kosa hili halikuharibu hata sampuli moja. Sahihisha lebo tu na sauti inarudi kama ilivyokuwa, na huo ni ushahidi tosha kwamba ugonjwa haukuwa kwenye namba.

La pili ni pale anapokuwepo mbadilishaji, ila amefanya kazi ovyo. Mwaka 1997 Intel ilitoa kiwango cha AC'97 kwa ajili ya sauti za kompyuta, ambacho msingi wake ulikuwa 48,000. Uwezo wa kufuata kasi nyingine ulikuwa wa hiari. Mwaka uliofuata ikaja kadi ya Sound Blaster Live!, iliyopendwa sana na wacheza michezo, na ndani yake kila kitu kilipitishwa kwenye 48,000 kiwe kimeombwa au la. Wakati huohuo muziki ambao watu walikuwa wakiuhamishia kwenye kompyuta ulitoka kwenye CD, yaani 44,100. Kila wimbo ukawa unageuzwa bila mwenyewe kuambiwa, na wageuzaji wa wakati ule walikata njia za mkato kwenye hesabu, wakaacha masafa bandia ambayo wapimaji waliyaona waziwazi kwenye vifaa vyao. Kutoka hapo ikaenea imani, ambayo bado ina wafuasi wengi, kwamba kubadili kasi ya sampuli ni dhambi na kwamba sauti safi ni ile isiyoguswa njiani.

Imani hiyo ilikuwa na sababu, na ndiyo pingamizi la kwanza linalostahili jibu la haki. Jibu ni kwamba hesabu imeboreka kuliko sifa yake. Wabadilishaji wa leo, kama maktaba ya libsamplerate au ile ya programu ya SoX, huacha makosa madogo kuliko kelele iliyomo ndani ya CD yenyewe, ambayo iko desibeli 96 hivi chini ya sauti kubwa kabisa. Zaidi ya hayo, kutogusa kabisa hakuwezekani kwa mtu anayetumia kompyuta kama watu wanavyoitumia. Kifaa cha sauti kina saa moja. Ukiwa unasikiliza wimbo wa 44,100 na ujumbe ukaingia na mlio wake wa 48,000, mmoja lazima ugeuzwe ili uende na mwenzake, la sivyo mmoja unyamaze. Ndiyo maana tangu Windows Vista ya 2007 sauti zote za kawaida huletwa kwenye kasi moja iliyowekwa katika mipangilio ya kifaa, na programu inayotaka kukishika kifaa peke yake lazima iombe kibali na kuzinyamazisha nyingine. Kwenye Linux, PipeWire huanza na 48,000 kama hukuagiza vingine. Mpangilio wa namna hii unafaa. Cha kulalamikia ni kwamba umefichwa: mtumiaji wa kawaida hajui upo wapi, na programu mbili zinaweza kugeuza sauti ileile mara mbili, huku kila moja ikiamini ni ya kwanza kuigusa.

Pingamizi la pili ni la wauzaji zaidi kuliko wahandisi: chukua namba kubwa, 96,000 au 192,000, na matatizo yote yatakwisha. Hapa ushahidi upo. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la AES jaribio ambalo rekodi za kiwango cha juu zilichezwa ama zilivyo, ama zikiwa zimepitishwa katika kifaa kinachozishusha hadi kiwango cha CD, na wasikilizaji wakaulizwa ni ipi ni ipi. Katika majaribio 554 walipata 276, yaani asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Atakayesema kwamba jaribio moja halitoshi ana haki: mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya majaribio 18 ya watafiti mbalimbali, yenye majibu zaidi ya 12,000, akapata asilimia 52.3, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi ya hapo. Kwa hiyo tofauti huenda ipo, ila ni nyembamba sana ukiilinganisha na nusutoni moja na nusu inayotokana na lebo isiyo sahihi. Tena namba kubwa ina hasara yake. Mitetemo isiyosikika ikipita kwenye kikuza sauti au spika isiyoiweza, huzaa mitetemo mingine ya chini inayosikika. Studio ina sababu zake za kurekodi kwa 96,000, hasa pale sauti itakapovutwa na kukunjwa baadaye. Kwa mtu anayerekodi mahojiano, 192,000 inajaza diski na kumwongezea mahali pa kukosea.

Kutolingana ambako watu wengi zaidi hukutana nako kumo kwenye hedifoni za Bluetooth, na wala hakuitwi kwa jina hilo. Unasikiliza muziki mzuri. Simu inaita au mkutano wa mtandaoni unaanza. Ghafla kila kitu, hata muziki, kinasikika kama kinatoka ndani ya debe. Hakuna kilichoharibika. Njia ya muziki ya Bluetooth hutumia kwa kawaida 44,100 au 48,000 lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka simu hadi masikioni. Maikrofoni ikihitajika, kifaa huhamia njia ya mazungumzo, ambayo kwa kawaida ni ya sampuli 8,000, au 16,000 kwa vifaa vya miaka ya karibuni. Tiba ya haraka haigharimu kitu: iambie programu itumie maikrofoni ya kompyuta yenyewe, na hedifoni zitabaki kwenye njia ya muziki. Ni watu wangapi wamenunua hedifoni mpya kwa ajili hii, zikafanya vilevile? Kompyuta ingeweza kuwaambia, na mara nyingi haisemi neno.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba vifaa viwili vyenye namba moja vimekwisha kupatana. Sivyo. Saa ya kila kifaa ni kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka kwa umeme, na fuwele za kawaida hukosea kwa makumi ya sehemu katika milioni, zikibadilika pia kwa joto. Vifaa viwili vilivyoandikwa 48,000, kimoja kikiwahi kwa sehemu 50 katika milioni na kingine kikichelewa kwa kiasi hichohicho, vitaachana kwa sekunde 0.36 katika saa moja. Muungano wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, unaeleza kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti inapoitangulia picha kwa milisekunde 45 au kuchelewa kwa 125. Kwa mfano wetu kikomo hicho cha kwanza hufikiwa ndani ya dakika saba na nusu. Ndiyo maana mpigapicha wa harusi aliyerekodi sauti kwa kinasa kando, akazipatanisha picha na sauti mwanzo wa khutba kwa uangalifu mkubwa, hukuta mwishoni midomo na maneno vimekosana. Akizisogeza zipatane mwisho, zinakosana mwanzo. Dawa ni kuinyoosha au kuifinya sauti nzima kidogo, au, kwa vifaa vya kitaalamu, kuunganisha waya unaovilazimisha vyote kufuata saa ya kimoja.

Waundaji wa USB waligongana na jambo hilihili. Katika USB ya kawaida kompyuta hutuma mafungu ya sauti kila milisekunde moja, na kwa kasi ya 44,100 kila fungu lingepaswa kuwa na sampuli 44 na sehemu ya kumi. Kwa kuwa sehemu ya kumi ya sampuli haipo, hutumwa mafungu tisa ya sampuli 44 na la kumi lenye 45. Saa ya kompyuta na ya kifaa zikiwa zimeachana kidogo, sampuli zitarundikana kwenye bafa, yaani ghala dogo la muda, mpaka zimwagike au zitaisha mpaka pabaki pakavu, na kila mara itasikika "tik". Njia nzuri ni ile inayokifanya kifaa cha sauti kuwa mwenye saa: chenyewe huiarifu kompyuta kinahitaji sampuli kiasi gani, nayo kompyuta inatii. Vifaa vingi vya USB vya studio hufanya kazi hivyo sasa. Tatizo hapa limetatuliwa kwa kuamua nani aongoze, bila kuongeza hata sampuli moja kwenye namba.

Je, isingekuwa rahisi dunia nzima ichague 48,000 na kuimaliza habari hii? Kwa upande fulani imeshaanza. Opus, mfumo wa kubana sauti uliopitishwa mwaka 2012 na unaotumika sana katika mazungumzo ya mtandaoni, unakubali 8,000, 12,000, 16,000, 24,000 na 48,000, na kuiacha nje 44,100. Lakini muziki uliokusanywa tangu 1982 haufutiki, kila wimbo wa CD bado ni 44,100, na hakuna faida ya kuugeuza wote wakati mashine inaweza kuugeuza unapochezwa. Isitoshe, kuna kazi ambazo 48,000 ni mzigo wa bure. Programu za kugeuza usemi kuwa maandishi hutumia 16,000, kwa sababu usemi hauhitaji zaidi.

Na hapo kosa la lebo linakuwa baya kuliko kwenye muziki, maana asikiaye si mtu. Whisper, mfumo uliotolewa na OpenAI mwaka 2022 na unaokifahamu Kiswahili, hugeuza faili la sauti hadi 16,000 kabla ya kulisoma. Mtayarishaji programu akiupa safu ya namba tupu badala ya faili, unachukulia kwamba ni 16,000 tayari, na hauna njia ya kujua vinginevyo. Rekodi ya 48,000 itasomwa kama usemi uliovutwa mara tatu. Rekodi ya simu ya 8,000 itasomwa kama mtu anayekimbiza maneno kwa mwendo maradufu. Mtu angeshtuka kwa sekunde moja. Mashine hujaribu, na huandika maneno yasiyokuwapo. Kwa lugha ambayo sauti zake bado zinakusanywa, kama Kiswahili kupitia mradi wa Common Voice wa Mozilla, kosa la aina hii linaweza kuonekana kama udhaifu wa mfumo katika kuielewa lugha. Kuigeuza 48,000 iwe 16,000 ni kazi nyepesi, tatu kwa moja. Kuipandisha 8,000 hadi 16,000 hakurudishi kilichochujwa na simu, hivyo juu ya mitetemo 4,000 patabaki patupu, lakini msemaji atasikika akizungumza kwa mwendo wake. Yote mawili yanahitaji mtu aliyeandika kasi ya kwanza na kuiacha iambatane na rekodi kila inapohamishwa.